Kuhama kwa Ajili ya Kodi Kunaanzia Unakotoka

Nilipoanza kufikiria kwa dhati kuhamia nchi yenye kodi nafuu, nilichukua karatasi, nikaandika majina ya nchi upande wa kushoto na kiwango cha juu cha kodi ya mapato upande wa kulia. Muungano wa Falme za Kiarabu, Bahrain, Monaco, Bahamas na Visiwa vya Cayman zote zilipata sifuri. Chini yake nikaandika Bulgaria na Andorra, asilimia 10 kila moja, kisha Singapore, asilimia 24, na mwisho kabisa mataifa ya Ulaya kama Ujerumani, Ufaransa na Uingereza, ambako kiwango cha juu hufika asilimia 45. Niliitunza karatasi hiyo kwa miezi kadhaa kana kwamba uamuzi ulikuwa umekwisha kufanyika na kilichobaki ni kununua tiketi. Leo naona kwamba ilikuwa inajibu swali la mwisho kabla sijajiuliza la kwanza, na ndiyo sababu nimeamua kuliandika jambo hili kwa urefu, kwa ajili ya yeyote ambaye bado ameishika karatasi ya namna hiyo mkononi.

Swali la kwanza ni hili: nchi ninayoiacha itaendelea kunidai kwa muda gani, na kwa msingi upi? Nchi ninayohamia inaweza kunipokea kwa mikono miwili na kuniambia kwamba haitaki hata senti ya mshahara wangu, lakini haina uwezo wa kunifutia deni kwa jirani yake. Anayeamua kama nimeondoka ni yule niliyemwacha, na anaamua kwa sheria zake mwenyewe.

Kauli inayorudiwa mno katika mazungumzo ya jambo hili ni ile ya siku 183, yaani kwamba ukikaa nje zaidi ya nusu ya mwaka, basi umeshatoka mikononi mwa mamlaka ya mapato. Mshauri mmoja niliyemlipa mwanzoni aliniambia hivyo kwa maneno machache, kisha akanishauri nifungue kampuni ng'ambo kupitia kwake. Ni kweli kwamba nchi nyingi hutumia hesabu hiyo, lakini huitumia zaidi kumhesabu anayeingia kuliko kumwachia anayetoka. Ujerumani, kwa mfano, humhesabu mtu kuwa mkaazi wake kwa kodi iwapo ana makao nchini humo ambayo anaweza kuyatumia wakati wowote, na sheria haiulizi amelala humo usiku mingapi. Hispania huangalia siku, lakini huangalia pia kitovu cha shughuli zako za kiuchumi, na iwapo mwenzi wako wa ndoa na watoto wenu wadogo wamebaki Hispania, sheria huchukulia kwamba nawe umebaki mpaka uthibitishe vinginevyo. Uingereza ina kipimo kilichoanza kutumika Aprili 2013, chenye kuhesabu siku pamoja na mafungamano, yaani familia, nyumba, kazi na muda uliokaa huko miaka iliyotangulia. Mtu aliyekuwa mkaazi hivi karibuni na ambaye bado ana mafungamano manne anaweza kuhesabiwa mkaazi kwa kukaa siku 16 tu katika mwaka wa kodi. Kati ya siku 16 na siku 183 kuna nafasi ya kutosha mtu kupoteza akiba ya miaka mingi.

Ziko nchi zinazokwenda mbali zaidi pale zinapoona mtu anaelekea mahali pasipo na kodi. Mhispania anayehamia katika nchi au eneo lililo kwenye orodha rasmi ya maficho ya kodi huendelea kutozwa na Hispania kama mkaazi kwa mwaka anaohama na kwa miaka minne inayofuata, hata kama hajakanyaga tena ardhi yake. Italia humwekea raia wake anayehamia nchi zilizo katika orodha yake mzigo wa kuthibitisha kwamba amehama kweli, badala ya serikali kuthibitisha kwamba amebaki. Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1972, humfuata raia wake aliyehamia nchi ya kodi ndogo kwa muda wa miaka kumi iwapo ameacha nyuma maslahi makubwa ya kiuchumi. Maana ya yote haya ni kwamba sifuri ile niliyoiandika kwenye karatasi yangu, kwa baadhi ya watu, ndiyo inayoamsha sheria kali zaidi ya nchi yao. Mtu huyo huyo akihamia nchi inayotoza asilimia 10 au 15, sheria hizo za orodha aghalabu hazimgusi.

Kesi mbili zinazojulikana hadharani zilinifundisha mengi kuliko vitabu nilivyonunua. Boris Becker, mchezaji wa tenisi wa Ujerumani, alisema kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa akiishi Monaco. Mwaka 2002 mahakama ya Munich ilimtia hatiani kwa kukwepa kodi, ikampa kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa pamoja na faini, na kiini cha shauri kilikuwa makao aliyokuwa nayo mjini Munich, katika nyumba ya dada yake. Mwanamuziki Shakira naye aliandikishwa kuwa mkaazi wa Bahamas wakati waendesha mashtaka wa Hispania walikuwa wakisema kwamba katika miaka ya 2012 hadi 2014 alikaa zaidi ya nusu ya kila mwaka nchini mwao. Novemba 2023, mjini Barcelona, alikubali makosa katika mapatano na upande wa mashtaka, akapata kifungo cha miaka mitatu kilichoahirishwa na faini ya zaidi ya euro milioni 7. Hawa ni watu wenye uwezo wa kuajiri mawakili bora kuliko mimi nitakavyoweza kamwe. Mahakama hazikuhoji kiwango cha kodi cha Monaco wala cha Bahamas. Zilihoji mtu alikuwa akiishi wapi hasa.

Kinga iliyopo dhidi ya kudaiwa na nchi mbili ni mkataba wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili. Mikataba mingi hufuata mfano wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, na ibara yake ya nne hupanga hatua za kuamua mtu ni wa upande upi: kwanza makao ya kudumu, kisha mahali ambapo maisha yake na mali zake zimejikita zaidi, kisha mahali anapokaa kwa kawaida, kisha uraia, na mwisho kabisa mamlaka za nchi mbili hukaa na kupatana. Hapo ndipo nchi za sifuri zinapoonyesha udhaifu ambao karatasi yangu haikuuona. Nyingine zina mikataba michache, na hata pale mkataba ulipo, nchi ya pili inaweza kudai kwamba mtu asiyewajibika kulipa kodi yoyote hawezi kuitwa mkaazi kwa maana ya mkataba. Isitoshe, mikataba nayo hufa. Ule wa Ujerumani na Muungano wa Falme za Kiarabu uliisha tarehe 31 Desemba 2021, na tangu hapo anayeondoka Ujerumani kwenda Dubai hana tena ngazi ile ya ibara ya nne ya kupandia.

Kabla sijaondoka katika suala la kutoka, niseme juu ya kodi ya kuondokea, ambayo huwashangaza wenye kampuni. Ujerumani humchukulia mkaazi wa muda mrefu mwenye angalau asilimia 1 ya hisa za kampuni kana kwamba ameziuza siku anayohama, ikamtoza kodi ya faida ambayo hajaipata mkononi. Kanada hufanya jambo linalofanana kwa aina nyingi za mali. Mwenye kampuni ndogo aliyoijenga kwa jasho anaweza kujikuta akihitaji kukopa ili apate ruhusa ya kwenda mahali ambapo hatalipa kodi.

Kuna pia wale ambao kuhama peke yake hakuwasaidii. Marekani huwatoza kodi raia wake na wenye kibali cha kudumu cha ukaazi popote walipo duniani. Wanaofanya kazi ng'ambo hupewa msamaha, ambao kwa mwaka 2025 ulikuwa dola 130,000, lakini msamaha huo ni wa pato la kazi tu, haugusi gawio, yaani sehemu ya faida ya kampuni anayopewa mwenye hisa, wala pango la nyumba wala pensheni. Eritrea nayo hudai asilimia 2 ya mapato ya raia wake walio nje. Wafaransa wana kisa chao mahususi: Monaco iliacha kutoza kodi ya mapato mwaka 1869, lakini baada ya mvutano na serikali ya Charles de Gaulle, mkataba wa 1963 uliamua kwamba raia wa Ufaransa wanaohamia Monaco wataendelea kulipa kodi Ufaransa, isipokuwa wale walioweza kuthibitisha kwamba kufikia tarehe 13 Oktoba 1962 walikuwa wameshakaa huko miaka mitano. Kwa Mfaransa wa leo, Monaco ni nchi ya kodi nafuu kwa majirani zake wa ghorofa moja, wala si kwake.

Swali la pili nililojifunza kujiuliza ni hili: mapato yangu ni ya aina gani? Nilikuwa nikizungumza juu ya mapato kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali sheria huyagawa katika mafungu, na kila fungu lina njia yake. Pango la nyumba hutozwa kodi mahali nyumba ilipo, na hakuna kuhama kunakobadilisha hilo. Pensheni ya mtumishi wa serikali, chini ya mikataba mingi, hubaki kutozwa na serikali inayoilipa. Gawio hukatwa kodi ya zuio huko linakotoka kabla halijakufikia. Marekani hukata asilimia 30 ya gawio la hisa zake kwa mgeni asiye na mkataba; anayeishi Saiprasi hukatwa asilimia 15 kwa sababu mkataba upo, lakini anayeishi Dubai, Singapore au Hong Kong hukatwa 30 kamili, maana nchi hizo hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Tena mgeni asiye mkaazi wa Marekani akifariki akiwa na hisa za kampuni za huko, kodi ya mirathi inayofika asilimia 40 huanza baada ya dola 60,000 za kwanza tu, iwapo hakuna mkataba wa kumlinda. Mtu ambaye akiba yake yote iko katika hisa hizo anapaswa kulifahamu hili kabla ya kuipenda nchi kwa sababu ya sifuri yake.

Fungu linalonihusu mimi ni la kazi ya kujitegemea, ninayoifanya kwa kompyuta kwa ajili ya wateja walio katika nchi kadhaa. Kwa muda mrefu niliamini kwamba nchi zinazotoza mapato ya ndani pekee, kama Panama, Paragwai, Kosta Rika, Hong Kong, Singapore na Georgia, zilikuwa zimeumbwa kwa ajili ya mtu kama mimi. Nilijiambia kwamba kwa kuwa mteja yuko mbali na fedha zinatoka mbali, basi pato langu ni la nje. Nilipozisoma sheria zenyewe niligundua kwamba sehemu nyingi chanzo cha pato la kazi ni mahali mtu anapoketi kuifanya kazi hiyo, bila kujali anayelipa yuko wapi. Anayeketi Singapore au Georgia akiandika programu kwa mteja wa ng'ambo amepata pato la Singapore au la Georgia. Huo mfumo humfaa sana mwenye gawio, riba na pango kutoka nje. Kwa mtu anayekula kwa jasho la vidole vyake, faida yake ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Georgia ina njia nyingine, ile ya mfanyabiashara mdogo aliyesajiliwa anayelipa asilimia 1 ya mauzo hadi lari 500,000 kwa mwaka, lakini baadhi ya shughuli, ukiwamo ushauri, zimetolewa katika mpango huo, na wapo watu wengi ambao kazi yao, ukiitazama kwa uaminifu, ni ushauri.

Ile kampuni ya ng'ambo ambayo mshauri wangu alitaka niifungue ina tatizo la jamii hiyo hiyo. Kampuni iliyosajiliwa kisiwani lakini ambayo maamuzi yake yote yanafanywa na mtu mmoja katika chumba chake cha kazi inaweza kuhesabiwa mkaazi wa nchi ya chumba hicho. Cheti cha usajili hakibadilishi mahali akili inapofanyia kazi.

Sasa nirudi kwenye zile sifuri. Serikali isiyotoza mshahara hupata fedha kwa mlango mwingine, na ni wajibu wa anayehama kuutafuta mlango huo. Visiwa vya Cayman hutoza ushuru wa forodha ambao kwa bidhaa nyingi ni asilimia 22, na kwa kuwa karibu kila kitu kinaingia kwa meli au ndege, ushuru huo umo ndani ya kila bei. Saudi Arabia haitozi kodi ya mshahara, lakini tangu Julai 2017 iliwatoza wafanyakazi wa kigeni riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtegemezi, ada ikapanda kila mwaka hadi riyali 400 mwaka 2020, na mwaka huo huo kodi ya ongezeko la thamani ikaongezwa kutoka asilimia 5 hadi 15. Baba au mama mwenye wategemezi wanne alikuwa analipa riyali 1,600 kila mwezi kabla hajanunua mkate. Muungano wa Falme za Kiarabu ulianza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 mwaka 2018, na kuanzia Juni 2023 una kodi ya faida ya biashara ya asilimia 9 kwa kiasi kinachozidi dirham 375,000. Kodi hiyo humgusa pia mtu binafsi anayefanya biashara kwa jina lake iwapo mauzo yake kwa mwaka yanazidi dirham milioni moja. Kwa mfanyakazi wa kujitegemea aliyefanikiwa, ile sifuri kwa hiyo si sifuri tena.

Zaidi ya hayo kuna vitu ambavyo kodi ya nchi uliyoiacha ilikuwa ikivilipia bila wewe kuvihesabu. Katika nchi nyingi za Ghuba mgeni hujilipia shule ya watoto, na bima ya afya hulipwa na mwajiri wake au na yeye mwenyewe. Hakuna mfuko wa pensheni wa serikali kwa ajili yake. Mwajiriwa wa Falme za Kiarabu hupewa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka wa miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, na baada ya hapo uzee wake ni juu yake. Kibali chake cha kuishi kwa kawaida kimefungamana na ajira au biashara yake, na akipoteza kazi muda wake wa kubaki unaanza kuhesabiwa. Sisemi haya kuwavunja moyo wanaokwenda huko. Kijana asiye na watoto, mwenye afya njema na mkataba mzuri wa miaka mitano, anaweza kuweka akiba Dubai ambayo asingeiweka popote pengine. Lakini mwenye familia anapaswa kuandika hesabu mbili, moja ya kodi na moja ya kila kinacholipwa badala ya kodi, na kuzijumlisha kabla ya kulinganisha nchi yoyote na nyingine.

Jambo ambalo limebadilisha mawazo yangu kuliko yote, hata hivyo, ni jinsi nafuu hizi zinavyokufa. Ureno ilianzisha mwaka 2009 mpango wa wakaazi wapya ambao, pamoja na mengine, uliwaachia wastaafu pensheni zao za nje bila kodi. Wazee walihamia huko kwa maelfu, wakanunua nyumba. Ufini ilichoka kuona pensheni inazolipa zikienda mahali zisipotozwa, ikavunja mkataba wake wa kodi na Ureno kuanzia 2019; Uswidi ikafuata, na mkataba wake ukakoma mwaka 2022. Ureno yenyewe ikaweka asilimia 10 mwaka 2020, na mwaka 2024 ukawa mwisho wa mpango ule kwa waombaji wapya. Thailand kwa miaka mingi haikutoza fedha za nje zilizoingizwa nchini baada ya kuisha kwa mwaka zilipopatikana; kuanzia tarehe 1 Januari 2024, anayekaa huko siku 180 au zaidi hutozwa fedha za nje anazoziingiza bila kujali zilipatikana mwaka gani baada ya tarehe hiyo. Italia ilianzisha mwaka 2017 malipo ya jumla ya euro 100,000 kwa mwaka kwa matajiri wanaohamia huko, na Agosti 2024 ikayafanya 200,000. Uingereza ilikuwa na utaratibu wa kuwapunguzia kodi wakaazi ambao asili yao iko nje, utaratibu wenye mizizi ya mwaka 1799, na ukafutwa tarehe 6 Aprili 2025. Hata Ghuba haiko salama na mabadiliko: Oman imeshapitisha sheria ya kodi ya mapato ya asilimia 5 kwa wanaopata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka, itakayoanza 2028.

Nimeitazama orodha hiyo mara nyingi, na nimeona tofauti moja inayonisaidia. Kinachofutwa kwa urahisi zaidi ni upendeleo, yaani kanuni iliyotungwa kwa ajili ya wageni peke yao huku wenyeji wakilipa kamili. Wenyeji huuona, huulizia, na ipo siku chama fulani hushinda uchaguzi kwa kuahidi kuuondoa. Wapiga kura wa jimbo la Zurich waliuondoa mwaka 2009 utaratibu wa kuwatoza wageni matajiri kwa kukadiria matumizi yao, ingawa Uswisi nzima ilipopiga kura mwaka 2014 ilikataa kuufuta nchi nzima. Kinachodumu zaidi ni kiwango cha chini kinachomhusu kila mtu. Bulgaria imekuwa na asilimia 10 kwa mwenyeji na mgeni tangu 2008, na imepita katika serikali nyingi bila kubadilishwa, kwa sababu kuibadilisha ni kugusa mfuko wa kila mpiga kura. Saiprasi ina vyote viwili: kiwango cha kawaida kinachopanda hadi asilimia 35 kwa mshahara, na nafuu kwa wageni wanaoishi kwa gawio, ambao kwa miaka 17 hulipa kwenye gawio hilo mchango wa afya wa asilimia 2.65 tu hadi kikomo fulani. Anayekwenda huko kwa ajili ya nafuu hiyo na aende, lakini asipange maisha ya watoto wake juu yake.

Kwa sababu hizo nilipochagua, niliuacha mstari wa kwanza wa karatasi yangu na kuchukua wa pili. Nimechagua kulipa asilimia 10 mahali ambapo jirani yangu analipa asilimia 10 hiyo hiyo, penye mikataba na nchi ambazo wateja wangu wanaishi, na ambapo mamlaka ya mapato itanipa hati inayosema kwamba mimi ni mkaazi wake na ninalipa kwake. Wapo watakaoniambia kwamba nimeacha asilimia 10 mezani. Najua, na nimeihesabu. Asilimia hiyo ndiyo inayoninunulia jibu la swali la kwanza, lile la nchi niliyotoka, na kwa mtu wa kipato changu jibu hilo lina thamani kuliko tofauti yenyewe. Mtu mwenye kipato mara ishirini ya changu, asiye na mafungamano yoyote nyuma yake, anaweza kwa haki kabisa kufikia uamuzi tofauti.

Juu ya wale wanaodhani kwamba njia iliyobaki ni kunyamaza, nitasema kwa ufupi tu. Tangu 2017 zaidi ya nchi mia moja zimeanza kupeana taarifa za akaunti za benki za wageni kila mwaka, kwa utaratibu uliotungwa mwaka 2014. Marekani ina sheria yake yenyewe ya mwaka 2010 inayozilazimu benki za dunia kumtaja Mmarekani. Benki ikikuuliza wewe ni mkaazi wa kodi wa wapi, jibu lako linasafiri. Kuhama kihalali ni haki. Kudanganya juu ya mahali unapoishi ni kosa la jinai, na ni kosa lisilo la lazima kwa kuwa njia halali zipo.

Kilichobaki ni karatasi, na hapa Waswahili walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Niliirudisha funguo ya nyumba niliyokuwa nikipanga na kuhifadhi barua ya kukabidhi. Niliiandikia mamlaka ya mapato ya zamani siku niliyoondoka, nikajaza ritani ya mwisho, nikaomba uthibitisho kwamba faili langu limefungwa. Nimefunga akaunti zote isipokuwa moja, na hiyo moja nimeibadilishia anwani. Ninatunza mkataba wa pango wa huku, bili za umeme zenye jina langu, tiketi za ndege na daftari la siku nilizolala kila nchi, likiwa limejazwa siku kwa siku na si kwa kukumbuka mwishoni mwa mwaka. Kila Januari ninaiomba mamlaka ya hapa hati ya ukaazi wa kodi ya mwaka uliopita, hata kama hakuna aliyeniuliza, na ninaiweka pamoja na nyingine katika jalada moja ambalo nitaendelea kulitunza kwa miaka yote ambayo nchi niliyotoka bado ina haki ya kulifungua upya faili langu.